Vanishi ya poliurethani au mafuta na nta: tupake nini kwenye mipini, bakora na miiko?

Fundi wa Kasese

Habari zenu, mafundi wenzangu. Mimi ni seremala hapa Kasese, Uganda. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa vitanda na milango, lakini tangu mwaka jana nimegeukia vitu vidogo vya kushikwa mkononi: mipini ya majembe ninayoichonga kwa mti wa musambya, bakora za wageni wanaopanda Rwenzori ninazozitoa kwenye mashina ya mibuni iliyozeeka, na miiko ya kusongea posho, yaani ugali. Vitanda na milango nilikuwa nikivipaka poliurethani ya kung'aa, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu), na sikuwahi kulalamikiwa na mteja hata mmoja, kwa hiyo nikaona hakuna sababu ya kubadilisha dawa kwa kuwa kitu kimekuwa kidogo.

Malalamiko yamekuja kutoka pande mbili. Mkulima mmoja alinirudishia mpini akanionyesha viganja vyake: malengelenge manne kwa asubuhi moja ya kupalilia, naye ni mtu aliyezaliwa na jembe mkononi. Alisema kwamba mpini unateleza mara tu jasho linapoanza kutoka. Kisha kijana anayeongoza wageni mlimani akaniletea bakora iliyobabuka vanishi kwenye ncha ya chini, mahali inapogonga mawe. Pembeni mwa jeraha hilo utando umegeuka mweupe, na nilipoukwangua kwa kisu nikakuta mti wa ndani umekuwa mweusi kwa unyevu.

Jirani alinishauri niache vanishi kabisa na nitumie mafuta ya kupikia. Nilipaka mwiko mmoja mafuta ya alizeti. Wiki tatu zimepita, bado unanata na umeanza kunuka. Wakati huohuo duka linalonunua bakora zangu limeagiza nyingine 60 na linataka zing'ae. Naomba mnisaidie: ni wapi poliurethani inafaa, ni wapi mafuta au nta, na ni mafuta gani hasa?

Mwalimu wa Warsha, Mbale

Ndugu yangu wa Kasese, pole kwa hasara, ingawa kwa kweli mkulima wako amekupa somo zuri kuliko ambalo ningeweza kukupa mimi darasani.

Poliurethani haikai ndani ya mti. Inakaa juu yake. Kila mkono unaopaka unaongeza utando, na baada ya mikono mitatu ya kung'aa, mkulima hashiki tena musambya bali anashika ganda la plastiki lililofunika musambya. Mlango hauoni tofauti, kwa sababu mlango hausuguliwi na kiganja kilekile mara elfu kwa asubuhi. Mti mtupu, au mti ulionyweshwa mafuta, hunywa jasho kidogo na kuacha mkono ushike bila kukaza sana. Utando hauna mahali pa kulipeleka jasho, hivyo mkono kwanza unanata, halafu unateleza, na mtu anakaza vidole zaidi ili jembe lisimponyoke. Malengelenge hutoka hapo. Kwa hiyo kitu chochote kinachoshikwa kwa nguvu na kutumika kwa muda mrefu, yaani mpini wa jembe, wa shoka, wa nyundo, kisipakwe utando wa aina yoyote, hata uwe wa bei gani.

Kosa la pili la utando ni namna unavyokufa. Mafuta huisha polepole kwa kusuguliwa, na yakiisha mwenye mpini anapaka mengine jioni akiwa ameketi mlangoni pake. Utando hauishi hivyo. Hupasuka sehemu moja, maji yakaingia kwenye ufa, kisha ganda zima linayazuia yasitoke, na ule weupe uliouona ndio dalili yake. Kuurekebisha kunataka ukwangue chote na kuanza upya, na hakuna mkulima atakayefanya hivyo.

Kuhusu mafuta ya kutumia, tafuta mafuta ya kitani, yanayokamuliwa kwenye mbegu za kitani. Yako ya aina mbili: mabichi, ambayo yanaweza kuchukua wiki nzima au zaidi kukauka, na yale yanayoitwa yaliyochemshwa, ambayo kwa kawaida siku hizi hayajachemshwa hata kidogo bali yametiwa chumvi za madini kama kobalti na manganizi ili yakauke kwa siku moja mpaka tatu. Babu yangu alihudumu katika kikosi cha nne cha KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, na mbao za bunduki zao za Lee-Enfield zilitunzwa kwa mafuta ya kitani mabichi. Yalikuwa ya kupakwa mara kwa mara, si mara moja na kusahau, na hilo mwambie mteja wako waziwazi unapomuuzia.

Namna ya kupaka ni rahisi, lakini watu huiharibu kwa pupa. Maliza mpini kwa msasa namba 120, kisha 150, uishie hapo, kwa kuwa mpini laini kama kioo huteleza hata bila vanishi. Lowesha mti kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi zisimame, uache ukauke, kisha upitishe msasa mwepesi. Paka mafuta kwa wingi, subiri kama dakika 20, halafu futa yote ambayo mti haukuyanywa. Narudia kwamba ufute yote, kwa sababu mafuta yaliyobaki juu ndiyo yanayonata. Rudia kesho yake, na keshokutwa. Sehemu ya mpini inayoingia kwenye tundu la jembe, pamoja na ncha zote mbili, inyweshe zaidi, kwani mti hunywa maji kwa ncha zake kuliko kwa ubavu.

Mama Machanuo, Jinja

Fundi wa Kasese, mimi ninachonga machanuo, vijiko na miiko, kwa hiyo nitazungumzia huo mwiko wako unaonuka, mambo ya mipini nikamwachia Mwalimu.

Mafuta hayakauki kama nguo inavyokauka kambani. Yale yanayokauka hufanya hivyo kwa kuvuta oksijeni hewani na kugandamana, na si mafuta yote yenye uwezo huo. Kitani kinao. Alizeti na simsim yanao nusunusu, yaani yatanata kwa wiki nyingi, na kwenye hali ya hewa yetu yenye unyevunyevu huenda yasikauke kabisa. Mawese, samli, na mafuta ya mti wa shea ambayo ndugu zetu wa kaskazini huyaita moo yao hayakauki milele. Moo yao ni mazuri mno kwa ngozi, na mimi mwenyewe huyapaka kwenye machanuo nikiyachanganya na nta ya nyuki ili mti upate rangi ya joto, lakini hiyo ni huduma ya mwezi kwa mwezi na haiwezi kuitwa ulinzi.

Kwa mwiko wa posho ninakuonya dhidi ya poliurethani na dhidi ya nta vilevile. Poliurethani iliyokwisha kukauka kabisa, baada ya kama siku 30, haina madhara ya kuogopesha ikiguswa; tatizo ni kwamba mwiko unakwangua sufuria, na vipande vya utando vitaishia kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Nta nayo huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64, na posho inayochemka hapa Jinja inafikia takriban digrii 96, kwa hiyo nta yako yote itakuwa imehamia kwenye posho kabla hujamaliza kusonga. Miiko yangu ninaipaka mafuta ya kitani mabichi yasiyotiwa dawa ya kukausha, yale yanayouzwa kama chakula, mikono miwili myembamba, kisha ninaianika kivulini penye upepo kwa wiki tatu au nne kabla ya kuiuza. Mwiko wa bei ndogo siupaki kitu. Ninaumaliza vizuri kwa msasa na kumwambia mnunuzi asiuache ukilala ndani ya maji. Ndugu zetu wa Ankole wana vyombo vya mti vya maziwa, ebyanzi, vinavyosafishwa kwa moshi wa nyasi, na sijasikia mtu akilalamika kwamba havina vanishi.

Mwiko wako wa alizeti uoshe kwa maji ya moto na sabuni, uukaushe, uupige msasa, uanze upya.

Fundi wa Ndeeba

Mwalimu na Mama Machanuo wamesema kweli, lakini naona poliurethani inahukumiwa kwa kosa la aliyeipaka, na nadhani kwenye bakora Mwalimu amepita haraka.

Mpini wa jembe hulala ndani ya nyumba usiku. Bakora ya Rwenzori haina bahati hiyo: inatembea siku nzima kwenye matope na mvua, kisha inaegeshwa kwenye kibanda chenye ukungu. Mafuta ya kitani peke yake hayazuii maji vizuri, na yakiwa mabichi huwa chakula cha kuvu, kiasi kwamba bakora inaweza kuota madoa meusi kabla mgeni hajashuka. Hapo unahitaji kitu chenye nguvu zaidi, ila si ganda nene. Mimi huchanganya sehemu moja ya poliurethani ya mafuta, sehemu moja ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa na sehemu moja ya tapentaini, ninapaka kwa kitambaa, ninasubiri kidogo, ninafuta. Nikirudia mara nne au tano, mti unapata ulinzi lakini mkono bado unausikia mti. Hakuna ganda la kubabuka, na ikichakaa unapaka juu yake bila kukwangua.

Duka likishikilia kung'aa, lipe kung'aa mahali pasipo na kazi. Kichwa kilichochongwa na sehemu ya katikati vipake poliurethani safi, mikono miwili. Sehemu ya kushikia, kama shubiri moja na nusu, iache na mchanganyiko niliousema. Ncha ya chini usiiachie dawa yoyote ikulindie. Ivishe kiatu cha mpira wa tairi, kwa kuwa hakuna vanishi iliyotengenezwa duniani inayoweza kushindana na mawe.

Nina maonyo mawili kwa haraka. Kwanza, ukipata kazi ya mpingo, poliurethani ya mafuta inaweza kukaa wiki nzima bila kukauka, kwa sababu mti huo una asili ya mafuta inayozuia kuganda; tanguliza mkono mmoja mwembamba wa shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu) isiyo na nta, kisha endelea. Pili, usidanganyike na ile poliurethani ya makopo mawili inayochanganywa na kikausho, hasa kama unapuliza kwa mashine. Kikausho chake kina isosianati, ambayo huharibu mapafu na kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu.

Tena, hakikisha mti wenyewe umekauka. Mibuni iliyokatwa mwezi jana ikifunikwa kwa utando itapasuka, na lawama atabebeshwa mwenye vanishi.

Mwalimu wa Warsha, Mbale

Fundi wa Ndeeba, kwenye bakora ninakubali. Kwenye jembe sikubali, hata kwa mchanganyiko wako, ila sitagombana nawe juu ya hilo.

Kuna jambo ambalo sote tumelisahau, na halipaswi kusahauliwa. Kule kugandamana kwa mafuta ya kitani alikokueleza Mama Machanuo hutoa joto. Kwenye mpini joto hilo hupotea hewani, lakini kwenye tambara lililokunjwa halina pa kutokea, hivyo linaongezeka mpaka tambara linawaka lenyewe, bila kiberiti. Mwaka 1991 huko Philadelphia, Marekani, ghorofa liitwalo One Meridian Plaza liliungua kwa sababu ya matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa na watu waliokuwa wakipaka mbao za kuta kwenye ghorofa ya 22, na wazima moto watatu walifariki. Mchanganyiko wa Fundi wa Ndeeba una hatari hiyohiyo. Kila tambara likunjuliwe na kuanikwa nje, moja moja, mpaka liwe gumu kama kadibodi, au liloweshwe ndani ya ndoo ya maji.

Fundi wa Kasese

Nawashukuru sana, Mwalimu, Mama na Fundi. Mipini nimekwisha kuikwangua yote 14, na jana nimeipaka mafuta ya kitani mkono wa kwanza; yule mkulima amekubali kuujaribu mmoja bila malipo. Miiko nitauza mitupu kwanza mpaka nipate mafuta mabichi ya kuliwa. Mwenye duka nimempelekea bakora mbili, moja inayong'aa yote na nyingine yenye mshiko usiong'aa. Alizishika kwa zamu, hakusema lolote kwa muda, kisha akaniuliza kama naweza kufupisha ule mshiko usiong'aa uwe shubiri moja tu. Nimemwambia nitafikiri.

Kuhusu matambara, Mwalimu, nilisoma maneno yako saa mbili usiku, na matambara ya jana nilikuwa nimeyasokomeza kwenye gunia la maranda, nyuma ya mlango wa karakana. Nilitoka na tochi. Lile la katikati lilikuwa na joto kama chapati. Sasa yote yananing'inia kwenye seng'enge ya uani, na mke wangu ameniuliza ni nguo za nani.