Desemba 3 tubebe bango la Gaza au tubaki na ya kwetu?

mwanga_kgm: Habari zenu wadau, mimi natumia baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, nipo Kigoma mjini. Kikundi chetu cha wenye ulemavu kinajiandaa na Desemba 3, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, sasa mwenzetu mmoja kasema tubebe na bango la wenye ulemavu wa Gaza, watu wamewaka kweli, eti ofisi za hapa bado ngazi tupu halafu twende kuwasemea Wapalestina. Mimi nalitaka hilo bango ila nikianza kuwaeleza nakwama. Mnisaidie.

dada_kasulu: Waambie vita yenyewe inazalisha walemavu. WHO, shirika la afya duniani, walikadiria mpaka Julai 2024 watu wasiopungua 22,500 Gaza wameumia majeraha ya kubadilisha maisha, wengi mikono na miguu. Halafu mfikirie na yule aliyekuwa mlemavu kabla ya vita, 13 Oktoba 2023 watu zaidi ya milioni 1 wa kaskazini wameambiwa na jeshi la Israel wahame ndani ya saa 24, kiziwi hasikii bomu wala tangazo, asiyeona vipeperushi atavisomaje, na wewe wa baiskeli utapita wapi kwenye kifusi? Umeme ulikatwa, sasa kiti cha betri unakichajia wapi. Mimi natembelea magongo, hilo la kuambiwa kimbia linaniuma mpaka leo.

Mzee wa Ujiji: Mwanangu sipingi huruma, ila Kongo hiyo hapo ng'ambo ya ziwa, watu wanavuka wakikimbia vita, mbona hamjawabebea bango? Na mkuu wa shughuli akisema mmeleta siasa mtanyimwa hata nafasi ya kuongea habari za ngazi.

nyarugusu_jirani: Shikamoo mzee. Hoja ya Kongo ni ya kweli kabisa, basi bango liandikwe Gaza na Kongo pamoja, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wapo ndugu wa huko wenye ulemavu, waombeni waje waseme wenyewe. Ila la siasa hapana. Tanzania imeridhia mkataba wa UN wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, Israel 2012, Palestina 2014, na kifungu cha 11 kinasema wazi wenye ulemavu walindwe kwenye vita. Mkataba huohuo ndio tunaoutumia kudai njia ya kiti kwenye ofisi, sasa tukiukumbuka kwenye ngazi tu tunaukata nusu. Na Nyerere alivunja uhusiano na Israel 1973, kwa hiyo kusimama na Wapalestina hapa kwetu sio jambo la kuja jana.

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Hapo kwa Kongo umenipata, bango hilo nitalishika hata mimi.

dada_kasulu: @mwanga_kgm maneno ya bango yapangeni mapema na mkalimani wa lugha ya alama awepo siku mnayopanga, viziwi wasije kukuta limeshaandikwa.