Lenzi ya skopu kwa projekta ya milimita 16: mara 2 au mara 1.5? Na niifunge vipi?

mwana_wa_vuga
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nimeachiwa projekta ya filamu na marehemu ami yangu, pamoja na mikanda kumi na moja. Minne kati yake picha inatoka imebanwa, watu warefu kama minazi. Nimeulizia nikaambiwa hiyo ni skopu, yaani filamu ya picha pana, inataka lenzi ya pili mbele ya ile ya kawaida. Kuna mtu Dar anauza mbili: moja kubwa na nzito inapanua mara 2, nyengine ndogo ya mara 1.5, na hiyo ndogo ni nusu ya bei. Zote hazina kishikizo. Ninunue ipi? Na niifunge kwenye lenzi yenyewe au niiwekee stendi? Anataka jibu kabla ya Ijumaa.

fundi_saateni
Wa alaykum salaam. Yakhe, hujatuambia kitu. Projekta gani? Lenzi yake milimita ngapi, yaani urefu wake wa fokasi? Kipenyo cha pua ya lenzi je? Kutoka mezani hadi ukutani mita ngapi? Na kibao cha nyuma kimeandikwa volti ngapi?

wete_kwetu
Kwa mikanda ya skopu hakuna mjadala, mara 2. Filamu hizo zilibanwa kwa nusu ya upana wake, basi lazima zipanuliwe mara 2 ndipo zirudi sawa. Fremu ya milimita 16 ni 1.33 kwa 1, upana kwa kimo. Ukiipanua mara 2 unapata 2.66 kwa 1, picha pana kabisa. Ukitumia ya 1.5 unaishia 2 kwa 1 na watu bado wembamba. Zile za 1.5 zilitumika zaidi na watu waliojipigia filamu wenyewe kwa lenzi hiyohiyo, wakabana kwa 1.5 na kupanua kwa 1.5. Bei isikudanganye.

mwana_wa_vuga
Ni ya Kijapani, ya kijivu.

fundi_saateni
Za Kijapani za kijivu zimejaa dunia nzima. Soma jina ubavuni, na pua ya lenzi ina maandishi mfano f=50mm au f=38mm. Chukua tochi.

bi_kikwajuni
Kabla hujanunua chochote nisikilize mimi, maana kosa hili nshalifanya. Mwaka juzi nilitengenezewa pete ya alumini, inabanwa kwa skurubu tatu kwenye pua ya lenzi ya mashine, na lenzi ya skopu inakaa mbele yake. Siku ya majaribio ilikaa vizuri, nikafurahi sana. Sikukuu ya Idi nikawaita jamaa, tukatandika mikeka uani, shuka jeupe ukutani. Riili ya kwanza salama. Ya pili, nyumba kwenye picha zikaanza kulala kushoto. Kidogo kidogo, mpaka watoto wakaona. Ni ule mtetemo wa mashine, ulikuwa unalegeza skurubu na lenzi inazunguka yenyewe.

Nikasogea kuikaza huku mashine inakwenda, na hapo ndipo nilipoharibu. Uzito wote ulikuwa unavuta pua kwenda chini, na kishikilia lenzi cha mashine yangu ni cha plastiki. Nilipoweka bisibisi tu nikasikia "ka!", meno ya kufokasi yamekatika. Lenzi mbili na pete yake zikatoka pamoja zikaangukia saruji. Kioo cha mbele kimebanduka kipande sawa na ukucha wa kidole kidogo. Ingali inafanya kazi, lakini penye mwanga mkali picha nzima inakuwa na ukungu mweupe. Kila nikiiwasha nauona ule ukungu, na roho inaniuma. Stendi, mwanangu. Usiibebeshe mashine uzito ambao haikuundiwa.

wete_kwetu
Pole sana Bi. Lakini stendi peke yake nayo ina matatizo. Mashine ukiinyanyua mguu wa mbele ili picha ipande, lenzi ya skopu lazima ielekee pembe ileile, la sivyo kona moja inafifia. Na mtu akigusa meza, umeanza upya. Mimi nimefunga mkono wa chuma kwenye kitako cha mashine, ukapita chini hadi mbele. Miaka sita haujasogea.

bi_kikwajuni
Miaka sita, wewe mashine yako ya chuma tupu. Ya kwake hatuijui.

fundi_saateni
Tafuteni seremala awakatie ubao mmoja mrefu, mashine na lenzi zikae juu ya ubao huo huo. Ukiinua, vyote vinainuka. Mbele chonga mwanya wa wima wenye bolti ya kipepeo, upandishe na kushusha. Lenzi ya skopu iwe karibu na pua ya mashine iwezekanavyo, bila kugusana. Ukiiacha mbali, pembeni panakuwa giza.

mwana_wa_vuga
Nimechukua tochi. Imeandikwa Eiki, f=50mm. Kutoka mezani hadi ukutani mita 4.

wete_kwetu
Sasa tunaelewana. Fremu ina upana wa takriban milimita 9.6. Gawa kwa 50, zidisha kwa mita 4, unapata sentimita 77. Kwa lenzi ya mara 2 ni mita 1.54 upana, na kimo sentimita 58 tu. Chumba chako kitakupa picha pana na fupi. Lenzi ya 38 ingekufikisha mita 2, ila kwa fupi namna hiyo lenzi nyingi za skopu zinakata pembeni. Kaa na 50 yako. Na jua mwanga ule ule unatandazwa juu ya eneo maradufu, kwa hiyo giza la chumba liwe giza kweli.

darajani_elektroniki
Kwa nini mnajitesa? Projekta za kidijitali zipo, picha inajipanua yenyewe.

fundi_saateni
Mikanda ya ami yake haingii kwenye USB.

malindi_zamani
Mimi nakumbuka sinema ya Majestic pale Vuga, pazia likifunguka pembeni skopu ikianza, ukumbi mzima unavuta pumzi. Skopu ilikuja na kampuni ya filamu ya Fox mwaka 1953, lakini lenzi yenyewe ni kazi ya Mfaransa, Henri Chrétien, tangu miaka ya 1920. Aliiita Hypergonar.

wete_kwetu
Skopu nzuri ilikuwa Cine Afrique.

malindi_zamani
Wewe umekulia Wete, Cine Afrique uliiona lini? Majestic ndiyo ilikuwa na pazia.

wete_kwetu
Nilisoma Unguja miaka minne, na kila Jumamosi nilikuwa ndani. Pazia si lenzi.

fundi_saateni
Turudi kwa kijana. Hujajibu la volti.

mwana_wa_vuga
120V 60.

fundi_saateni
Hilo ndilo nililoliogopa. Ni mashine ya soko la Marekani. Transfoma itakushushia volti, lakini haibadilishi mizunguko ya umeme kwa sekunde: mashine inataka 60, umeme wetu ni 50. Mota iliyoundwa kwa 60 ukiipa 50 inakwenda polepole, fremu 24 kwa sekunde zinakuwa 20 na sauti inakuwa nzito. Fungua kifuniko cha nyuma, baadhi zina puli ya ngazi mbili, unahamisha mkanda wa mpira tu. Shughulikia hilo kwanza kabla ya lenzi. Usiichomeke kavukavu!

Siku ya kufunga, washa bila filamu. Tundika timazi ya mwashi mbele ya ukuta, uzi wake ndio wima wako. Fokasi lenzi ya mashine kwanza mpaka ukingo wa dirisha la mashine, pale filamu inapopita mbele ya taa, uwe mkali, ndipo uweke ya skopu na uizungushe taratibu mpaka ubavu wa mwanga ulale sambamba na uzi. Digrii mbili tu za kukosea na nyumba zinainama kama za Bi Kikwajuni.

bi_kikwajuni
Na muulize muuzaji kama kuna kuvu ndani. Aipitishie tochi akupigie picha. Kwa unyevu wetu huu vioo vinaota nyuzi kama utando wa buibui. Mimi yangu naiweka kwenye ndoo yenye kifuniko, mchele mkavu chini.

malindi_zamani
Mchele una vumbi, Bi. Tumia vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

bi_kikwajuni
Mchele nautia ndani ya soksi ya pamba. Vumbi litoke wapi?

wete_kwetu
Vipakiti vya viatu vikija kwetu vimeshashiba unyevu njiani.

mwana_wa_vuga
Ahsanteni. Muuzaji kasema ile ya mara 2 kuna mwengine kaiwekea amana, imebaki ndogo, anapunguza bei tena. Nimemwambia anipe hadi Jumatatu. Puli bado sijaiangalia. Ila nilipofungua makopo leo, mikanda miwili inanuka siki. Mmoja ni wa skopu.

fundi_saateni
Huo ni ugonjwa wa mikanda ya asetati, aina ya plastiki, joto na unyevu ndiyo vinauleta, na mvuke wake unaambukiza jirani. Umejikunja kama chane ya ndizi au bado umelala?

mwana_wa_vuga
Ukingo unajikunja kidogo.

bi_kikwajuni
Itoe yote miwili kabatini usiku huu.