Nimefomati kompyuta, sasa SSH yanigomea

mja_wa_langoni
Asalaam aleikum jamani. Kuna kompyuta za darasa hapo Lamu mjini zilikua na Ubuntu ya kale, nikazifomati zote nikaweka mpya, majina na IP ni zile zile. Sasa niko Malindi, nikiingia kwa SSH (njia ya kutumia kompyuta ilio mbali) naletewa onyo kubwa REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED na yagoma kabisa. Mmoja aniambia futa known_hosts yote (faili ya laptopu yakumbuka funguo za seva), mwengine asema weka StrictHostKeyChecking no, yaani zima ukaguzi wa funguo, upumzike. Nifuate lipi? Na je yaweza kuwa mtu kaingilia kati kweli? Sitaki kupanda basi mpaka Mokowe na boti juu kwa hili tu

fundi_kizingitini
Waaleikum salaam. Ushafomati wategemea nini yakhe 😂 SSH ikiwekwa upya yajitengezea funguo mpya ndani ya /etc/ssh, laptopu yako bado yazikumbuka za zamani. Usifute faili yote, humo mna seva nyengine hazina kosa. Toa hio moja tu:

ssh-keygen -R jina-la-kompyuta

Ukiingia tena itakuuliza yes/no, na HAPO ndipo watu hukimbilia kuandika yes. Kwanza mpigie alie darasani, akae kwa mashine yenyewe aandike ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub akutumie picha kwa WhatsApp, ile SHA256 (alama fupi ya ufunguo) ilingane na unayoonyeshwa wewe herufi kwa herufi ndio uandike yes. Hio ya StrictHostKeyChecking no achana nayo, siku mtu akikaa katikati kweli itakuunganisha nae tu

bint_malindi
Siku nyengine kabla hujafomati nakili zile funguo za seva, ssh_host_* zote, kwa flashi, ukimaliza uzirudishe, za siri ziwe za root (mkuu wa mfumo) ruhusa 600, uwashe ssh upya, hakuna laptopu italalamika. Ila flashi hio isizunguke mtaani, alienazo aweza kujifanya ndie seva yako. Na kama ulifomati sababu uliingiliwa basi usirudishe kitu. Pia wale wa kukloni diski moja kwa mashine zote, jueni zote zitakua na funguo sawa, si vizuri

mja_wa_langoni
Shukran sana, SHA256 zimelingana. Lakini sasa yasema Permission denied (publickey) 😩

fundi_kizingitini
Home (folda ya akaunti yako) nayo uliifomati? Basi authorized_keys yako, ile orodha ya funguo zaruhusiwa kuingia, imekwenda nayo. Na kama paswadi umeizima ssh-copy-id (amri ya kupeleka ufunguo wako) haitafaa, mtumie yule yule wa darasani faili yako ya .pub (ya .pub!! si ile nyengine ya siri) aibandike kwa ~/.ssh/authorized_keys ya akaunti yako, ruhusa za folda 700 faili 600, na viwe vyako si vya root