"Njia" si neno la Kiarabu na halitamkwi "ni-jia". Acheni kupotosha watu!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kuna programu moja ya kufundisha Kiswahili, jina naliacha, inawaambia wanafunzi kwamba "njia" imetoholewa kutoka Kiarabu. Ukibofya usikilize matamshi unasikia "ni-jia", silabi tatu! Nimewaandikia, wakanijibu eti Kiswahili kimejaa Kiarabu. Hilo ndilo jibu la mtu anayechukua pesa za watu kufundisha lugha?

Kwa Kiarabu njia ni tariq, au sabil. Hiyo ya pili tunayo, ndiyo iliyo ndani ya fisabilillahi, yaani katika njia ya Mungu. Sasa "njia" imechomolewa wapi humo? Wachewa wanasema njira. Washona nzira, Wabemba inshila, Wakikuyu njĩra, Kilingala nzela, Wazulu indlela. Wote hao walikopa kwa Mwarabu? Neno ni la Kibantu, ukoo mmoja, ila Kiswahili kiliidondosha ile l ya katikati, ambayo wengine huitamka r. Njaa nayo ilipitia hayohayo, ndiyo maana Wachewa wanaiita njala. Na l yenyewe haijafa, inajitokeza ukinyambua: kaa, kalia, zaa, zalia, mzaliwa. Hii kitu iko wazi kwa yeyote anayejua lugha, na hawa wanajiita walimu!

Matamshi ndiyo yanayoniuma zaidi. Nj ni sauti moja. Silabi ni mbili tu, nji-a, mkazo unakaa kwenye nji. N husimama peke yake kwenye "nchi" na "nta", siyo hapa. Watu wa Lamu husema ndia, na hiyo ni lahaja yao halali, utaikuta hata kwenye tenzi za zamani. "Ni-jia" haina kwao popote. Njia ikiwa ndogo tunasema kijia, n inaondoka, maana shina ni -jia. Hiyo "ni" wameitoa wapi?

Halafu maana wameandika "barabara", basi. Mwanafunzi akikutana na "njia ya kutatua tatizo" au "njia za uzazi wa mpango" afanyeje, atafute lami? Njia panda je? Mpita njia je?

Ukimsahihisha mwanafunzi anakutolea simu, "mbona humu wanasema hivi?" Unabaki kubishana na mashine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii inazidi kurefuka kwa sababu kila anayejifunza anaibeba kwa wenzake.

Kama humu kuna anayefanya kazi kule, awaambie wenzake waifute hiyo sauti, wamtafute Mswahili arekodi upya. Na hilo la Kiarabu walitoe leo.