Tupeane uzoefu: nguo ya kazini imewahi kukuumbua?

Nasra_Makole
Wadada habari zenu. Jumatatu nilitumwa na bosi ofisi moja ya serikali hapa Dodoma kufuatilia malipo yetu, invoisi ya tangu mwaka jana. Nikavaa sketi nyeusi, shati jeupe, najiona afisa kamili. Getini mlinzi akanitazama magoti, akaninyooshea kidole lile bango lenye picha za nguo zilizopigwa alama ya mkasi. Ubishi wangu ulikuwa kwamba sketi inafika gotini. Kweli inafika, nikisimama. Nikikaa ni habari nyingine. Akanitolea kanga iliyopauka kutoka kwenye droo, nikajifunga, nikaingia nayo kikaoni mbele ya wahasibu wawili. Nilitamani ardhi ipasuke. Haya, nyie kazini kwenu mnavaaje, na nani kashawahi kuumbuka kama mimi?

Bibi_Masjala
Pole mwanangu. Bango hilo lina historia. Mwaka 2007 ulitoka Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3, wa mavazi. Mimi nilikuwa masjala, nao nikaubandika ubaoni kwa mkono wangu, huku mwenyewe nimevaa blauzi inayoonyesha mgongo! Siku hiyo nilishinda na sweta, na joto lile.
Kwa fundi usipimwe umesimama tu. Kaa kwenye kiti chake, inama kama unaokota faili, panda ngazi kama anayo. Na mwambie aache pindo la inchi mbili kwa ndani. Kitambaa kikirudi baada ya kufuliwa, unashusha. Sketi yangu moja ya kijivu ilinifikisha miaka sita.

Ticha_Fizikia
Mimi ubao ndio ulioniumbua. Nanyoosha mkono kuandika juu, blauzi inapanda, kidato cha tatu wanaguna. Siku hizi ni gauni au blauzi ndefu, na nyeusi siivai kabisa, maana vumbi la chaki linakufanya uonekane umetoka kusaga unga. Kitenge chenye maua mengi kinasitiri kila kitu. Maabara nako, wenye mitandio, chomekeni ncha ndani ya koti. Wangu ulishawahi kushika moto kwenye taa ya spiriti.

Mama_Junia
Nipo kaunta, benki. Siku 84 za uzazi zimeisha, nimerudi na gauni langu zuri lenye zipu mgongoni. Saa tano maziwa yamejaa, nakwenda stoo kukamua, zipu siifikii! Ikabidi nimuite mwenzangu anifungue, nivue gauni zima, nikae na gagulo katikati ya maboksi ya karatasi. Nikarudi kaunta na madoa mawili kifuani, mteja anaangalia dari. Toka hapo nimehamia mashati ya vifungo mbele, yenye michoro, na koti jepesi juu. Halafu mjue sheria inatupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mimi nilikuja kuambiwa mtoto ameshaota meno.

Dada_wa_Saiti
Nyie mna raha. Mimi ni fundi umeme kwenye majengo, mwanamke peke yangu. Nilipewa overoli ya kipande kimoja ya kiume. Wanaume hawajui: ukitaka haja ndogo unavua mpaka kiunoni, na choo ni cha shimo, mikono ya overoli inataka kuburuza chini. Nikawa sinywi maji tangu asubuhi, nikaishia kuumwa UTI. Buti walizonipa ni namba 42, mguu wangu 38, nikavaa soksi jozi tatu na bado nikakosea ngazi. Mtunza stoo anasema “hizo ndizo zilizopo.” Nikajinunulia buti zangu zenye chuma mbele, overoli nikaikatisha kwa fundi ikawa suruali na koti. Msimamizi alinuna siku mbili.
Na nywele je? Rasta nene kofia ngumu haikai, inaelea juu kama sufuria. Suka twende kilioni, basi.

Kaka_Mkubwa
Samahani kwa kuingilia. Kwani mabango hayo wanaume hayawahusu?

Dada_wa_Saiti
@Kaka_Mkubwa yanawahusu, ila macho ya mlinzi hayawahusu. Juni 2021 Mheshimiwa Condester Sichalwe wa Momba alitolewa bungeni baada ya mbunge wa kiume kulalamikia mavazi yake. Alivaa suruali ndefu, jamani! Inabana kwa kipimo cha nani?

Bibi_Masjala
Hapo mwanangu sina jibu. Mimi enzi zangu suruali nilivaa shamba tu, na ndani ya gauni.

Ticha_Fizikia
😂😂 Nasra, malipo ulipata lakini?

Nasra_Makole
Wapi! “Rudi wiki ijayo.” Sketi nimempelekea fundi, na kanga yao niliondoka nayo kwa kuchanganyikiwa. Jana naifua nirudishe, ndipo nikasoma jina lake: “Japo sipati tamaa sikati.” Yaani nilikaa mbele ya wahasibu kudai deni, maneno hayo yamenilalia mapajani. Sasa nimeelewa kwa nini yule mmoja alikuwa anacheka kila nikitaja invoisi.