Wasifu wa marehemu baba: nimejaza karatasi nzima, yeye mwenyewe hayumo

Kijana_Uyole
Wadau naombeni msaada wa haraka. Baba yetu ametutoka juzi, tunazika keshokutwa kwetu Rungwe, kikao cha ukoo kimesema mimi ndo niandike wasifu. Nimeandika kazaliwa, kasoma mpaka la saba, kabatizwa, kaajiriwa Tazara genge la kutengeneza njia ya reli, kastaafu, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Nikisoma naona huyu anaweza kuwa baba wa mtu yeyote.

Mzee hakuwa na cheo wala mali, maisha yake yote yalikuwa ni sisi. Alikuwa anakaa kambini huko kipande cha Makambako na Mlimba kwenye mahandaki, wiki kadhaa hatumuoni, ila akishuka tu stesheni ya Mbeya haendi popote, anakuja nyumbani moja kwa moja na kiroba cha mchele begani. Halafu siku ya kuondoka anatupanga kwenye benchi anatupima miguu kwa uzi wa katani, anakata, wa kaka fundo moja, wa dada mawili, wangu manne, anatia mfukoni. Akirudi ana viatu vya mtumba na vinaingia kweli.

Jana tumetoa koti lake la kazini, mfukoni nimekuta uzi hauna fundo. Dada kaushika akaanza kulia, kumbe ni mguu wa mwanae wa mwisho, babu alimpima mwezi uliopita.

Sasa mambo kama haya yanaandikwa? Wazee hawatasema naleta utoto kanisani?

MamaWawili_Mafinga
Pole sana mdogo wangu, pole na mama. Andika huo uzi. Mimi wa baba yangu nilijaza vyeo vya kijiji na chama cha ushirika, watu wakasikiliza wakakaa kimya. Hakuna aliyesikia kwamba Mufindi hii, mwezi wa saba umande ukiganda kwenye majani, yeye ndo alikuwa anaamka saa kumi usiku kukoka moto atuchemshie maji ya kuoga, mama alale kidogo. Mpaka leo inaniuma.

Mzee_wa_Kanisa
Pole kijana wangu. Nimesikiliza wasifu nyingi sana. Tarehe usizitoe, na majina ya watoto wote yapitishe kwa wazee kwanza maana jina moja likisahaulika msiba unageuka ugomvi. Panapokula muda ni ugonjwa, mtu anasoma alipelekwa hapa akahamishiwa pale, nusu karatasi imeisha. Hiyo iwe sentensi mbili, nafasi inayobaki ni ya uzi.

Na kazi yake usiipite juujuu. Vijana hawajui, reli ile ni kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, imejengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na mvua ikiporomosha udongo kule milimani ni watu wa genge kama baba yako wanaotoka na masululu usiku ili treni ipite. Viatu vyenu vilitoka huko.

Ndaga_Fijo
Pole kaka. Usiku wa leo kaa na mama pembeni, akina mama wakishalala, muulize alimjuaje baba. Usimwambie unaandika, mwache tu aongee.

Kijana_Uyole
Ndaga, asanteni wote, Mungu awabariki. Nimekaa na mama mpaka saa nane. Kumbe uzi wa kwanza ulikuwa wake, baba kabla hajaleta posa alimtuma shangazi akampime mguu kwa siri, viatu vikaja vimebana, mama akavivaa hivyohivyo mpaka kanisani siku ya ndoa na hakumwambia mpaka amezaa mtoto wa pili. Anasema ndo maana baba akaanza kupima mwenyewe. Alivyosimulia alicheka, mara ya kwanza toka juzi.

Ugonjwa nimeupunguza, wasifu nauanzia kwenye mguu wa mama. Ule uzi usio na fundo dada kaomba abaki nao, tukimaliza msiba tunaenda nao sokoni Mwanjelwa kumtafutia mtoto viatu.