Mzee wangu anamjua Kareem kama "yule mrefu aliyepigwa na Bruce Lee". Nifanyeje?

Mtoto wa Ngamiani: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na msinicheke.

Mzee wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Ujana wake uliishia kwenye sinema za Tanga. Mpaka leo ukimtajia Bruce Lee anajiweka sawa kitini. Juzi nikamwambia LeBron James alivunja rekodi ya pointi ya Kareem Abdul-Jabbar kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2023. Akauliza, Kareem ndiye nani? Nikamtolea picha. Akapiga paja: "Huyu si yule mrefu wa miwani myeusi aliyepigwa na Bruce Lee!"

Niliishiwa maneno. Pointi 38,387, ubingwa wa NBA mara 6, mchezaji bora wa msimu (MVP) mara 6, kumbe kwa mzee ni adui wa ghorofani kwenye filamu ya Bruce Lee tu. Nimeazima projekta. Nianze na nini? Nikimwekea mechi ya Lakers, timu yake ya zamani, atasinzia kabla ya robo ya pili.

Kocha Mstaafu: Usimbishie mzee, mfuate hapo hapo alipo. Pigano la *Game of Death* lilirekodiwa 1972, na huyo mrefu alikuwa ameshachukua ubingwa na Milwaukee Bucks 1971. Hakuokotwa mtaani. Alikuwa mwanafunzi wa Bruce Lee tangu anasoma chuo kikuu cha UCLA, enzi za jina lake la kwanza, Lew Alcindor. Bruce akafariki 1973, filamu ikatoka 1978. Isimamishe pale kwenye teke la Kareem, unyayo wa vumbi ukiwa umebaki kifuani kwenye lile vazi la njano la Bruce. Mwache mzee aukodolee macho. Futi 7 na inchi 2, bwana.

Shangazi Mkali: Mwanangu, hakikisha kwanza umeme upo. Halafu mapigano hayo ya nini? Msimulie maisha yake. 1968 alikataa kwenda Olimpiki ya Mexico kwa sababu ya walivyotendewa weusi kwao Marekani. 1971 akaanza kutumia hadharani jina la Kiislamu. 1983 nyumba yake ikaungua na santuri zake za jazi zikateketea, mashabiki wakawa wanamletea nyingine. Mzee wa Tanga hapo hatasinzia.

Benchi la Tatu: Shangazi, hiyo ni hotuba, mwenzio anataka sinema. Weka *Airplane!*, ile komedi ya 1980. Kareem ni rubani msaidizi, anajiita Roger Murdock. Katoto kanaingia chumba cha marubani, kanamtambua, yeye anakana katakata. Kakaongeza kwamba baba yake anasema hajitumi kwenye ulinzi. Uvumilivu ukamwisha: mwambie baba yako awaburuze yeye Walton na Lanier, yale majitu ya NBA, uwanjani dakika 48! Baadaye anaburutwa kutoka kitini, kumbe chini kavaa kaptura ya Lakers.

Ila keti karibu umtafsirie, kama wale wa vibanda vya video. Na chagua vipande, wajukuu wakiwepo kuna sehemu utaaibika.

Kocha Mstaafu: Hiyo nakubali. Malizia na skaihuku, mtupo wake maarufu. 1967 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kudanki, yaani kuusukumiza mpira ringini kwa mkono kutoka juu, wengi wakaona sheria imemlenga yeye. Akaunoa mtupo ule: anasimama ubavu, mkono mmoja unapanda mpaka mwisho, mpira unaachiwa huko juu. Mzuiaji anaambulia kuona kwapa. Alidumu nao mpaka anastaafu 1989 akiwa na miaka 42. Dakika mbili zinatosha.

Mtoto wa Ngamiani: Mrejesho, wakuu. Sikuweza kusubiri, leo nimemwonjesha kwenye simu kile kipande cha ndege. Nimetafsiri mpaka sauti imekauka. Mzee kacheka pale pa "mwambie baba yako", akarudisha nyuma mara tatu. Kisha akanyamaza, akavua miwani, akanigeukia:

"Kwa hiyo Bruce Lee alimpiga rubani?"